Kabla ya kununua difu, hesabu meno

Wasomaji wangu, samahani kwa ukimya. Wiki tatu hizi zimeliwa na mambo mawili: hifadhidata ya mteja iliyokataa kuhama, na gari la binamu yangu aliye Texas. La kwanza sitalizungumzia, bado lina uchungu. La pili nimelilalia na kuliamkia mpaka nikaliandikia programu, kwa hivyo leo mtanivumilia nikitoka kidogo nje ya mambo ya tarakilishi.

Gari lenyewe ni Chevrolet Chevelle SS ya 1969. Kwa wasioyajua magari haya, ni yale ambayo Wamarekani huyaita ya misuli: unachukua gari la kawaida la ukubwa wa kati, la kupeleka watoto shule, halafu unalitia injini ya jitu. Pontiac GTO ya 1964 ndiyo hutajwa sana kuwa iliyoanzisha mchezo huo. Chevelle ya binamu ina V8 ya inchi za ujazo 396, yaani karibu lita 6.5. Kiwanda kiliiandikia nguvu za farasi 325, ingawa hesabu za miaka hiyo zilipimwa injini ikiwa mezani, haijafungiwa vitu vyake vyote, na kuanzia 1972 Wamarekani wakaanza kuandika namba zenye haya zaidi. Namba ninayoijali mimi ni nyingine. Injini hiyo hutoa nguvu yake kubwa ya kusokota, kama Nm 556, kwenye mizunguko 3,200 kwa dakika. Yaani haihitaji kupiga kelele ndipo ivute. Ikumbukeni namba hiyo.

Binamu ni muuguzi wa zamu za usiku. Gari hili amelinunua kwa jasho la miaka, na sababu ni baba yake, yaani mjomba wangu, aliyeendesha malori kati ya Mombasa na Malaba maisha yake yote na aliyekuwa na picha ya gari kama hilo ukutani, imekatwa kwenye gazeti. Mjomba anakwenda kumtembelea Desemba. Mpango ni wawili hao watoke San Antonio hadi Dallas kwa barabara kuu ya I-35, kama saa nne za safari, mzee akiwa kiti cha mbele.

Tatizo ni kwamba hakuna anayeweza kukaa saa nne ndani ya gari hilo. Likifika maili 70 kwa saa, yaani kilomita 113, injini inanguruma kana kwamba inaomba gia nyingine, na gia nyingine hakuna. Imeisha. Shemeji alipanda mara moja hadi Austin, akashuka na kichwa kinamuuma, akasema hilo gari liuzwe. Binamu naye akaanza kukubali. Hapo ndipo aliponipigia simu.

Aliniambia gari lina giaboksi ya Muncie M21 ya gia nne, na difu ya 4.10. Kwenye chama chao cha magari wakubwa wake walikuwa wamegawanyika. Wa kwanza walimwambia aache kulalamika, 4.10 ndiyo heshima ya gari hilo. Wa pili walimwambia atoe hiyo difu aweke 3.08, kazi rahisi, kelele zitaisha. Wa tatu walikuwa wanamuuzia giaboksi ya gia sita ya T56 iliyotolewa kwenye Camaro ya miaka ya tisini. Binamu alikuwa tayari kuagiza meno ya 3.08. Alitaka tu mimi nimwambie "sawa kaka, agiza".

Sikumwambia hivyo. Maoni yangu, na ndiyo sababu ya kuandika makala haya, ni kwamba difu na giaboksi si maswali mawili. Ni swali moja. Anayekushauri juu ya difu bila kukuuliza namba moja ya giaboksi yako ni ngapi, na tairi lako lina ukubwa gani, anakubahatishia kwa pesa zako.

Twende polepole. Difu ina gurudumu kubwa la meno, mafundi wetu huliita krauni, linalosukumwa na lile dogo, pinioni. Meno ya krauni ukiyagawa kwa meno ya pinioni unapata namba ya difu. Meno 41 kwa 10 ni 4.10: propela shafti huzunguka mara 4.1 ili tairi lizunguke mara moja. Namba ikiwa kubwa gari lina pupa ya kuondoka lakini injini huchoka barabara ndefu. Namba ikiwa ndogo ni kinyume chake. (Wamarekani huita namba kubwa "chini" na namba ndogo "juu", na hapo ndipo mabishano mengi huanzia. Mimi nitasema kubwa na ndogo tu.)

Giaboksi nayo ina namba zake, na mbili zinazidishwa. M21 ina 2.20, 1.64, 1.28 na 1.00. Hiyo ni giaboksi ya gia zilizokaribiana, imetengenezewa mtu anayetaka injini isishuke mizunguko akibadilisha gia kwenye mbio. Bei ya ukaribu huo ni kwamba namba moja yake ni dhaifu. Dada yake M20 ina namba moja ya 2.52. Zote mbili humalizikia 1.00, yaani moja kwa moja, hakuna gia ya kupumzikia.

Sasa zidisha. Namba moja ya M21 mara 4.10 unapata 9.02. Kwa gari zito la V8 la barabarani, watu wengi hulenga kama kumi hapo. Tisa inatosha kwa injini yenye nguvu hiyo. Lakini ukitia 3.08, unapata 6.8. Hilo ni gari la kuchoma klachi kwenye kila taa nyekundu, na kwenye jua la Texas, kwenye foleni, na mzee ndani. Barabara kuu itakuwa tulivu na mji utakuwa jehanamu. Waliomshauri 3.08 pengine wana giaboksi za otomatiki, ambazo kigeuza nguvu chake cha mafuta huzidisha msukumo wakati wa kuondoka. Kwao 3.08 inafanya kazi vizuri sana. Hawakumdanganya. Walimjibu swali la gari lao.

Kumbe waliounganisha M21 na 4.10 hawakuwa wajinga. Ni jozi, moja inafidia nyingine. Na mwaka wa 1969 jozi hiyo ilikuwa na maana yake: Jumamosi mtu anakimbia robo maili, mita 402, kisha anarudi nyumbani kwa petroli ya bei ya chini. Baadaye Marekani ikaweka kikomo cha maili 55 nchi nzima mwaka 1974, na kikomo hicho cha kitaifa kikaondolewa 1995. Leo kuna kipande cha barabara ya SH 130, kati ya Austin na Seguin, ambapo kibao kinaruhusu maili 85 kwa saa. Gari ni lile lile, barabara si ile.

Nikaandika programu ndogo, mistari kama arobaini. Moyo wake ni huu:

mizunguko = (kasi × 1000 ÷ 60) ÷ mzingo × giaboksi × difu

Kasi ni kwa kilomita, mzingo ni wa tairi kwa mita. Tairi zake za nyuma zimeandikwa 255/60R15. Rimu ya inchi 15 ni milimita 381, ongeza asilimia 60 ya 255 juu na chini, unapata kipenyo cha milimita 687 na mzingo wa mita 2.158. Tairi likikaliwa na gari hubonyea kidogo, kwa hivyo mizunguko halisi huzidi ya hesabu kwa asilimia mbili tatu. Kwa maili 70, gia ya nne, difu 4.10, programu ikasema 3,567. Ongeza kubonyea, sema 3,650.

Kabla sijamtumia matokeo nikamwomba kitu kimoja. Aende barabarani, mtu mwingine ashike simu inayosoma kasi kwa GPS, na likifika 70 kamili asome kipima mizunguko. Spidomita ya gari la zamani siiamini, maana mtu akibadilisha difu au tairi bila kubadilisha kigia cha spidomita, inasema uongo kwa uso mkavu.

Akarudi na jibu: kama 3,300.

Nikadhani nimekosea. Kwa nini nisidhani? Kazi yangu ni kukosea na kutafuta nilipokosea. Nikakagua mstari kwa mstari usiku mzima, nikapima kwa tairi nyingine, nikahesabu kwa kalamu. Hesabu ilikuwa sawa. Ili 4.10 itoe mizunguko 3,300, tairi lingehitaji kipenyo cha karibu milimita 743 hata kabla ya kubonyea, na tairi hilo lingekwaruza matao ya gari. Zikabaki njia mbili. Ama kipima mizunguko cha miaka zaidi ya hamsini kinadanganya, jambo la kawaida kabisa, ama difu si 4.10.

Nikampigia. "Una uhakika ni 4.10?"

"Aliyeniuzia aliniambia."

"Umeiona?"

Kimya.

Basi, difu hupimwa hivi, na huhitaji kumlipa mtu. Piga jeki nyuma, weka stendi imara chini ya aksili pande zote mbili, zuia matairi ya mbele, weka giaboksi nyutro. Piga alama ya chaki kwenye propela na nyingine kwenye tairi. Zungusha tairi huku mwenzako akihesabu propela. Ikiwa difu ni ya kufunga, ile ambayo Chevrolet waliiita Positraction, matairi yote mawili yatazunguka pamoja upande mmoja na hesabu ni ya moja kwa moja. Ikiwa ni difu ya kawaida, matairi yatazunguka kinyume, na hapo lazima ulishike moja lisisogee na kulizungusha la pili mara mbili kwa kila hesabu moja. Usizungushe mara moja tu, maana kati ya 3.55 na 3.73 jicho halioni tofauti. Zungusha mara kumi.

Mara kumi za tairi zikawa mara 37 na kidogo za propela. 4.10 ingefika 41. Baadaye alipofungua kifuniko cha nyuma kumwaga mafuta, meno yakahesabika: 41 kwa 11. Ni 3.73. Gari limekuwa la 3.73 siku zote, na jamaa aliyeliuza ama alidanganywa naye ama alijua kwamba 4.10 inasikika vizuri zaidi kwenye tangazo.

Fikirieni ingekuwaje. Kwenye difu hii ya bolti 12 ya General Motors, kile kibebeo ambacho krauni imefungiwa kwa kawaida huwa cha aina moja hadi 3.73 na cha aina nyingine kuanzia namba za karibu na 4.10 kwenda juu. Binamu, akiamini ana 4.10, alikuwa ameweka kwenye oda meno ya 3.08 pamoja na kibebeo kipya, na malipo ya fundi wa kupanga pinioni. Kazi ya kupanga pinioni si ya kila fundi, ni ya vipimo vya sehemu za milimita, na ikikosewa difu inalia kama nyuki mpaka siku ya mwisho. Angelipa yote hayo, kibebeo kingekuwa cha bure, na namba moja ingeshuka hadi 6.8.

Sasa tukaanza upya kwa data ya kweli. M21 na 3.73 ni 8.2 wakati wa kuondoka. Ndiyo maana alikuwa akinung'unika kwamba gari ni zito kuondoka kuliko alivyotarajia, na mimi nikidhani ni mguu wake. Na kwenye I-35 ni mizunguko 3,245 bila kubonyea. Yaani alikuwa amepata ubaya wa pande zote mbili: namba moja dhaifu na mwisho wenye kelele. Hakuna difu yoyote duniani ya kurekebisha hilo. Ukiweka kubwa unaponya mji unaua safari, ukiweka ndogo unaponya safari unaua mji. Tatizo halikuwa difu kamwe. Ni giaboksi isiyo na upana wa kutosha.

Hapo uchaguzi ukawa rahisi kuliko nilivyotarajia. Giaboksi ya Tremec TKX ya gia tano, ile yenye namba moja ya 2.87 na ya tano ya 0.68, ukiifunga mbele ya 3.73 yake unapata 10.7 kuondoka. Gia ya tano kwa maili 70 ni mizunguko 2,207. Hata kwenye kile kipande cha maili 85 haifiki 2,700. Injini inayovuta kwa raha kwenye 3,200 haina shida kwenye 2,200, maana kamshafti yake ni ya kiwandani, ya upole. Na difu haiguswi. San Antonio hadi Dallas injini ingezunguka karibu mara 750,000 kwa giaboksi ya sasa. Kwa hii ni kama 510,000.

Ipo TKX nyingine yenye namba moja ya 3.27. Nilimkataza. Mara 3.73 ni 12.2, utakuwa unaingiza namba mbili kabla hujamaliza kuvuka makutano. Hiyo ni ya mtu mwenye difu ya 3.08 asiyetaka kuigusa, na kwake ingekuwa chaguo zuri kweli.

Na ile T56 ya Camaro? Ni giaboksi imara, sina ugomvi nayo. Namba moja 2.66 ingetoa 9.9, safi kabisa. Lakini gia ya sita ni 0.50, na kwa 3.73 injini ingezunguka 1,620 tu kwa maili 70. Angeishia kuendesha kwa gia ya tano, 0.74, ambayo ni 2,400. Yaani amekata sakafu ya gari la 1969 ili giaboksi kubwa ienee, amelipia gia sita, na anatumia tano. T56 ingemfaa mwenye 4.10 halisi. Kama gari lingekuwa vile lilivyotangazwa, pengine leo ningekuwa naandika kinyume.

Wenye otomatiki msidhani nimewasahau. Hesabu ni ile ile. TH400 ya enzi hizo ina 2.48, 1.48 na 1.00, ni ngumu kama nyundo, lakini haina gia ya kupumzikia. 700R4 iliyokuja 1982 ina 3.06 na ya nne 0.70, nzuri na difu ya 3.42 au 3.73, ila pengo kati ya moja na mbili (3.06 hadi 1.63) ni la kuruka mtaro. Mimi binafsi ningependa 200-4R, yenye 2.74, 1.57, 1.00 na 0.67, mradi ijengwe na fundi anayejua maana ilizaliwa kwa magari mepesi zaidi. Zote mbili zina kebo kutoka kabureta inayoamua shinikizo la ndani. Kebo hiyo isipopangwa sawasawa, giaboksi inaungua na mtu analaumu difu.

Kuna watakaosema kwamba kuitoa Muncie ni kuliua gari. Nawaelewa kuliko wanavyodhani. Ndiyo sababu nimemwambia binamu asiiuze hata akipewa bei ya kichaa. Imegongwa namba inayolingana na ya gari, na anayekuja kulinunua siku moja ataiulizia kabla hajauliza injini. Aipake mafuta, aifunge, aiweke. TKX haihitaji kukata sakafu sana, kwa hivyo kurudi nyuma kunawezekana. Ninayemkataa ni yule anayesema usibadilishe chochote huku gari lake likikaa chini ya turubai mwaka mzima kwa sababu halisafiriki.

Yamebaki mambo ya kawaida ambayo hayasisimui mtu lakini ndiyo huharibu kazi. Propela huenda ikahitaji kukatwa na kusawazishwa upya. Mhimili wa giaboksi na ule wa pinioni ziwe sambamba, la sivyo gari litatetemeka kwenye kasi ile ile tuliyohangaika kuituliza. Na kigia cha spidomita kibadilishwe safari hii, tafadhali.

Nilimweleza mjomba haya yote kwa simu Jumapili. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwamba lori lake la zamani lilikuwa na kitufe kwenye mti wa gia cha kubadilisha difu yenyewe, moja ya kupanda na mzigo, moja ya tambarare, na kwamba hakuna aliyehitaji tarakilishi kulijua hilo. Akauliza oda imefika lini. Nikamwambia giaboksi imeagizwa, inatarajiwa kabla ya tiketi yake. Akauliza kama kiti cha mbele kinarudi nyuma vizuri, maana magoti yake si ya 1969. Hilo sikuwa nimeliweka kwenye programu.